Hesabu ya Kalori na Uzito wa Mwili

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya hesabu moja ndogo iliyoingia katika majiko ya watu dunia nzima. Chukua pakiti ya biskuti au chupa ya soda, uitazame ubavuni. Utaona neno kalori, au herufi kcal, na karibu yake tarakimu. Wewe uliyekwisha kujua kusoma, tarakimu hiyo imeandikwa kwa ajili yako. Ina maana gani? Imetoka wapi? Na je, mtu akiihesabu kila siku, atapungua mwili na kubaki amepungua?

Swali hili si la mchezo. Mtu huenda hospitali, akapimwa, akaambiwa ana sukari au presha. Daktari humwambia, "Punguza uzito." Basi hujitahidi miezi mitatu, mizani ikashuka, na jamaa zake wakamsifu. Baada ya mwaka mmoja au miwili uzito umerudi wote. Hapo watu husema hana nia, au ni mlafi, na yeye mwenyewe huanza kusadiki maneno hayo. Leo twataka kujua historia yasema nini juu ya mtu huyu.

Kwanza tufahamu neno lenyewe. Kalori ni kipimo cha joto, kama vile kilo ni kipimo cha uzito na kibaba ni kipimo cha nafaka. Tia lita moja ya maji katika sufuria, uipashe moto kidogo mpaka joto la maji lipande digrii moja tu. Joto ulilolitumia ni kalori moja ya chakula. Joto la jikoni hutoka katika kuni au mkaa. Joto la mwili, na nguvu ya kulima, kutembea na hata kupumua, hutoka katika chakula.

Kwamba mwili huunguza chakula kama jiko linavyounguza mkaa, jambo hili lilipimwa huko Ufaransa wakati wa baridi ya mwaka 1782 na 1783. Wataalamu wawili, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace, walimtia simbilisi, yule mnyama mdogo afugwaye kama sungura, katika chombo kilichozungukwa na barafu. Joto la mwili wake liliyeyusha barafu. Wao wakayakusanya maji na kuyapima, wakapima na pumzi yake, wakaona kwamba kupumua ni namna ya kuungua polepole. Lavoisier alikatwa kichwa mwaka 1794 wakati wa mapinduzi ya Ufaransa. Kosa aliloshitakiwa halikuwa elimu yake. Alikuwa mmoja wa wakusanyaji wa kodi ya mfalme.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, binadamu naye alitiwa katika chombo cha namna hiyo. Aliyefanya kazi hiyo Marekani ni Profesa Wilbur Olin Atwater, wa chuo kiitwacho Wesleyan katika mji wa Middletown, jimbo la Connecticut. Alikuwa amekwenda Ujerumani kujifunza kwa mabingwa wa kupima chakula. Aliporudi, yeye na mwenzake Edward Rosa walijenga chumba kidogo sana, kilichofungwa pande zote, ndani yake kitanda cha kukunja, kiti na meza. Mtu aliingia humo akakaa siku kadhaa. Chakula chake kilipimwa kwanza, kisha kikapitishwa katika tundu. Hewa iliyoingia ilipimwa, na iliyotoka ilipimwa. Mkojo na choo navyo vilipimwa. Maji yalipita katika mabomba ndani ya chumba yakachukua joto la mwili, na joto hilo likahesabiwa. Siku nyingine mtu alipumzika tu. Siku nyingine aliendesha baiskeli isiyokwenda popote.

Kazi hiyo ilianza katika miaka ya 1890. Atwater akaona kwamba nguvu iliyoingia kwa chakula na nguvu iliyotoka kwa joto na kazi zalingana karibu sawasawa. Mwili hauumbi nguvu kutoka hewani, wala haiipotezi bure. Kutokana na kazi hiyo tukapata tarakimu zinazotumika mpaka leo: gramu moja ya wanga au sukari hutoa kalori 4, gramu moja ya protini kalori 4, na gramu moja ya mafuta kalori 9. Tujaribu hesabu. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4 hivi. Nne mara nne ni 16. Basi anayetia vijiko vitatu katika kikombe cha chai ametia kalori 48. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina gramu 14 hivi, na 14 mara 9 ni 126. Fanyeni hesabu hii darasani kwa chakula chenu wenyewe, maana ndiyo msingi wa yote yatakayofuata.

Lakini sikiliza vizuri. Bwana Atwater hakuwa akitafuta dawa ya unene. Alikuwa akifikiri juu ya mfanyakazi mwenye mshahara mdogo. Alitaka kumwonyesha ni chakula gani kinachompa nguvu nyingi zaidi kwa senti ile ile. Kwa hiyo alisifu unga na maharage, akawashauri maskini wasimalize fedha zao kwa nyama ya bei ghali. Hata matunda na mboga za majani aliyaona kuwa ni anasa kwa mtu wa kipato kidogo, kwa sababu kalori zake ni chache na bei yake kubwa. Vitamini zilikuwa hazijajulikana. Jina hilo lilitolewa mwaka 1912, naye Atwater alikuwa amekwisha kufa tangu 1907. Hapo twaona udhaifu wa kwanza wa hesabu hii: yatuambia chakula kina moto kiasi gani, haituambii kingine. (Alipotangaza kwamba pombe nayo ina kalori zinazotumiwa na mwili, wauza pombe walifurahi sana wakatumia maneno yake katika matangazo yao. Yeye mwenyewe hakupendezwa.)

Ni nani basi aliyeigeuza hesabu hii, kutoka kumshibisha maskini hata kumkondesha mnene? Wengi walishiriki, lakini mashuhuri kupita wote ni bibi daktari mmoja wa Los Angeles, Lulu Hunt Peters. Mwaka 1918 alitoa kitabu juu ya chakula na afya, chenye jedwali la kalori. Yeye mwenyewe alikuwa amepata kuwa na ratli 220, yaani kilo 100 hivi, kisha akapungua. Aliwafundisha wasomaji wake wasiseme tena "kipande cha mkate" bali waseme kalori kadhaa za mkate. Anayetaka kupungua aliambiwa asipite kalori 1,200 kwa siku. Vita Kuu ya kwanza ilikuwa ikiendelea, na kula kidogo kulihesabiwa kuwa ni kuisaidia nchi. Kitabu kilinunuliwa sana, nakala zipatazo milioni mbili.

Jambo moja la Bibi Peters husahauliwa, nami naliona kuwa kubwa kuliko jedwali lake. Aliwaambia wasomaji waziwazi kwamba kazi hii haina mwisho. Aliyekwisha kupungua itambidi aendelee kujizuia maisha yake yote. Waliomfuata wakachukua hesabu, onyo wakaliacha.

Sasa twende mwaka 1944. Vita Kuu ya pili ilikuwa inakaribia mwisho, na watu wengi Ulaya walikuwa na njaa. Mtaalamu Ancel Keys, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alitaka kujua njinsi mwili unavyoharibika kwa njaa na jinsi ya kuuponya. Vijana 36 wa Kimarekani waliokataa kupigana kwa sababu ya dhamiri zao walijitolea. Walikaa katika vyumba chini ya uwanja wa mpira wa chuo hicho. Kwa muda wa majuma 24 walipewa chakula cha watu wa Ulaya wenye shida: viazi, mkate, kabichi, makaroni. Kila juma walitakiwa kutembea maili 22. Chakula chao kilikuwa kadiri ya kalori 1,570 kwa siku.

Linganisha tarakimu hiyo na ile ya Bibi Peters. Wale waliowekwa ili kuonyesha njaa walikula zaidi ya wale waliokula kwa ajili ya urembo! Ni kweli kwamba hawa walikuwa wanaume, tena si wanene, lakini tofauti hiyo yafaa kufikiriwa.

Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Walisikia baridi hata wakati wa joto. Mioyo yao ilipiga polepole. Waligombana kwa mambo madogo, wakakosa hamu ya wanawake, wakalamba sahani. Vijana ambao hawakupata kujali upishi walikusanya vitabu vya mapishi wakavisoma usiku kama riwaya. Na moto wa miili yao wakati wa kupumzika ulishuka kwa kadiri ya asilimia 40. Sehemu ya upungufu huo ni kwa kuwa mwili mdogo hutumia kidogo. Sehemu nyingine ni mwili wenyewe kujibana, kama mama wa nyumbani anavyopunguza mkaa jikoni akiona gunia linakwisha.

Kisha wakaruhusiwa kula tena. Wengine walikula kalori 5,000 na zaidi kwa siku, na tumbo likiwa limejaa bado walisema wana njaa. Mafuta ya mwili yalirudi haraka kuliko nyama ya mwili, yakapita hata kiasi cha mwanzo. Vijana hawa walikuwa na nia ya chuma. Walikuwa wamekubali kufa njaa nusu kwa faida ya watu wasiowajua. Hakuna anayeweza kuwaita walafi. Keys alichapisha habari zote mwaka 1950 katika vitabu viwili vinene.

Ingefaa madaktari wasome vitabu vile kwa makini. Badala yake, mwaka 1958, daktari Max Wishnofsky wa New York aliandika makala iliyopendwa zaidi, kwa kuwa ilikuwa rahisi. Alisema ratli moja ya uzito, yaani nusu kilo kasoro kidogo, ni sawa na kalori 3,500. Watu wakafanya hesabu: punguza kalori 500 kila siku, kwa siku saba ni 3,500, basi utapungua ratli moja kila juma. Wauguzi wakaifundisha, magazeti yakaichapa, na mpaka leo utaisikia.

Ifuateni hesabu hiyo mpaka mwisho. Mtu ana ratli 180, yaani kilo 82 hivi. Anapungua ratli moja kila juma, au ratli 52 kwa mwaka. Baada ya miaka mitatu na nusu, kwa hesabu hiyo, hayupo tena duniani! Bila shaka jambo hili halitokei. Hesabu yachukulia kwamba mwili ni gunia la mkaa, ukitoa kopo moja linapungua kopo moja. Lakini mwili ukipungua, matumizi yake nayo hupungua, na zile kalori 500 ulizozipunguza hazina tena nguvu ile ya mwanzo. Mtaalamu Kevin Hall, aliyekuwa wakati huo katika taasisi ya serikali ya utafiti wa afya huko Marekani, alionyesha kosa hili kwa hesabu kamili mwaka 2011.

Mwaka mmoja tu baada ya makala ya Wishnofsky, katika 1959, madaktari Albert Stunkard na Mavis McLaren-Hume walitoa taarifa yao. Waliwafuata wagonjwa wanene 100 waliopewa karatasi za chakula katika hospitali moja ya New York. Kati ya hao mia, watu 12 walipungua ratli 20. Baada ya miaka miwili, waliobaki wamepungua walikuwa wawili. Wawili katika mia! Dawa ya malaria ambayo ingeponya wawili katika mia ingetupwa siku ile ile. Karatasi ya chakula haikutupwa. Wagonjwa ndio waliolaumiwa.

Kwa nini uzito hurudi? Siku hizi twajua zaidi. Mwaka 1994 iligunduliwa homoni iitwayo leptini, ambayo mafuta ya mwili huitoa kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mafuta yakipungua, habari hiyo hupungua, na ubongo huagiza njaa. Mwaka 2011 wataalamu wa Melbourne, Australia, walitoa habari za watu wanene waliopunguzwa uzito kwa majuma kumi ya chakula kidogo sana. Mwaka mzima baadaye, homoni zao za njaa zilikuwa bado hazijarudi mahali pake. Mwili ulikuwa ukidai deni.

Na mwaka 2016 Hall na wenzake walichapisha habari za watu 14 waliokuwa wameshindana kupungua katika mchezo wa televisheni wa Marekani. Kwa majuma 30 walipungua wastani wa kilo 58 kila mmoja. Miaka sita baadaye walikuwa wamerudisha wastani wa kilo 41. Kilichowashangaza watu ni hiki: miili yao ilikuwa ikiunguza kalori 500 hivi kwa siku pungufu ya ile ya watu wa ukubwa wao. Hebu fikiri, mtu na jirani yake wana uzito mmoja, wanakula chakula kimoja, mmoja ananenepa na mwingine hanenepi. Nani mlafi hapo?

Hata kuhesabu kwenyewe si kazi rahisi. Mwaka 1992 huko New York walipimwa watu waliosema kwamba wanakula kidogo na hawapungui. Ilionekana kwamba wanakula karibu mara mbili ya kiasi walichokiandika, wala hawakuwa waongo. Mkono husahau kilichoingia kinywani. Na tarakimu za pakiti nazo si msahafu: sheria ya Marekani yaziruhusu kukosea mpaka asilimia 20.

Mpaka hapa tumezungumza zaidi juu ya kalori zinazoingia. Mtu aweza kusema, "Basi nitaongeza zinazotoka. Nitafanya kazi ngumu." Swali hilo liliwaleta wataalamu hapa kwetu Tanzania, kwa Wahadza wa Ziwa Eyasi. Baadhi ya Wahadza bado huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma ubuyu na kurina asali. Wanaume hutembea kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu kilomita 6. Herman Pontzer wa Marekani na wenzake, akiwamo mtaalamu wa Kitanzania Audax Mabulla, waliwapa watu 30 maji maalumu ya kunywa, kisha wakapima mkojo wao ili kujua kalori wanazotumia. Majibu yalitoka mwaka 2012. Ukizingatia ukubwa wa mwili, Mhadza hutumia kalori sawa na karani wa mjini Marekani akaaye kitini kutwa. Mwili wake unaofanya kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine. Basi upande wa pili wa hesabu nao hausimami palepale.

Je, hakuna aliyepungua akabaki hivyo? Wapo. Tangu mwaka 1994 wataalamu Rena Wing na James Hill wa Marekani wameandikisha watu waliopungua angalau ratli 30 na kukaa mwaka mmoja au zaidi bila kuzirudisha. Walioandikishwa wamepita elfu kumi. Wengi wao hujipima mara kwa mara, huendelea kuangalia chakula chao, na hutembea au kufanya mazoezi kadiri ya saa moja kila siku. Kwa kupunguza uzito, mazoezi peke yake hufanya kazi ndogo. Kwa kuuzuia usirudi, yaonekana kuwa na kazi kubwa. Lakini angalieni: hawa walijiandikisha wenyewe. Walioshindwa hawakupeleka majina. Na sindano mpya zinazopunguza njaa, kama semaglutidi iliyoruhusiwa Marekani kwa ajili ya unene mwaka 2021, zimetuonyesha jambo lile lile. Waliochomwa walipungua sana. Walioacha sindano, katika mwaka mmoja theluthi mbili ya uzito walioupoteza ilirudi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kuhesabu kalori humfundisha mtu kilicho ndani ya chakula, na anayehesabu kwa uangalifu hupungua. Kwamba hesabu peke yake itamweka hapo miaka yote, historia haikubali.

Sasa turudi kwa yule mgonjwa wetu aliyerudisha uzito. Amepoteza kila kitu? Mwaka 2002 Marekani ilitangaza majibu ya utafiti wa watu 3,234 waliokuwa karibu kupata ugonjwa wa sukari. Kundi moja lilifundishwa kuandika chakula chao, kuhesabu mafuta na kalori, na kutembea kwa haraka dakika 150 kila juma. Walikuwa na walimu wa kuwafuata, hawakuachiwa karatasi tu. Waliambiwa wapunguze asilimia 7 ya uzito, ambayo kwa mtu wa kilo 80 ni kilo tano na nusu hivi. Baada ya miaka mitatu hivi, waliopata sukari katika kundi hilo walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kisha wakafuatwa tena, na habari zikatolewa mwaka 2009, miaka kumi tangu waanze. Sehemu kubwa ya uzito ilikuwa imerudi, kama kawaida. Lakini kwa miaka hiyo yote kumi, waliougua sukari katika kundi lile walikuwa bado pungufu kwa asilimia 34.